MAPATANO YA KUUZIANA STIMA YA MAJI: NANI AYASOME KWA NIABA YETU?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na ndugu mmoja wa karakana katika mkutano wa mafunzo wa tawi. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wanachama ambao siku hiyo walikuwa zamu.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, na ninyi nyote wanachama wenzangu wa njia, wa karakana, wa stesheni na wa maofisini:

Katibu ameniomba niseme juu ya mapatano ya kuuziana stima inayotokana na mito midogo, na jinsi mapatano hayo yanavyokaguliwa kabla ya kupata nguvu. Najua wengine mnajiuliza, sisi watu wa reli tuna kazi gani na mito? Lakini nyumbani kila mmoja wetu hununua tokeni za stima, na hapa karakana mashini ya kukereza chuma haigeuki bila stima. Tena wengi wetu tumetoka Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Meru, Kericho na Kisii, na wazee wetu huko wana miche ya chai. Viwanda vya chai ndivyo vilivyo mbele katika kujenga vituo vidogo vya maji. Basi jambo hili latugusa mara mbili. Sisi ni wanunuzi, na jamaa zetu ni wauzaji.

Ndiyo maana kantini kumekuwa na maneno makali. Baadhi ya ndugu wanataka tawi liandike barua kudai ya kwamba mapatano yote ya kuuza stima yavunjwe, kwa kuwa stima ni ghali. Wengine wanasema mkulima asiguswe hata kidogo. Kabla hatujaandika barua yo yote, ni heri tujue jambo lenyewe. Mkaguzi wa magurudumu hugonga kwanza kwa nyundo yake akasikiliza sauti, ndipo akasema behewa lipi litolewe. Nasi tugonge kwanza.

Mimi si wakili wala si injinia. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na hesabu nitakazowapa ni za darasa hilo.

1. MTO UNAVYOTOA STIMA

Kituo kidogo cha maji hakina bwawa kubwa kama Masinga. Ukuta mfupi hujengwa mtoni ili kugeuza sehemu ya maji. Maji hupita mferejini kando ya mlima, halafu huteremka kwa nguvu ndani ya bomba la chuma hadi kwenye turubaini, yaani gurudumu linalozungushwa na maji. Turubaini huzungusha jenereta, na maji hurudi mtoni yakiwa yale yale.

Mambo mawili ndiyo yanayotia nguvu: wingi wa maji na urefu wa kuanguka kwake. Mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, ikianguka mita 100, hutoa kiasi cha kilowati 800 baada ya kutoa kinachopotea katika bomba na mashini. Kwa hivyo milima yetu ya Aberdare na Kenya, yenye mito isiyo mikubwa lakini yenye miteremko mikali, yafaa sana kwa kazi hii.

Si jambo geni. Kituo cha Ndula kilianza 1925, Mesco 1933, Wanjii 1952, Sagana 1955, na Gogo katika mto Kuja 1957. Vingine kati ya hivyo havifiki hata megawati 2. Katika miaka ya karibuni viwanda vya chai vya wakulima wadogo vimejenga vyao, kama kile cha mto Gura huko Nyeri. Kiwanda cha chai cha Imenti, Meru, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuuza ziada yake kwa kampuni ya Kenya Power.

Lakini mto una tabia yake. Mvua kubwa ya Machi mpaka Mei ikinyesha, maji hujaa. Januari na Februari mto hupungua, na turubaini hugeuka polepole au husimama. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

2. MAPATANO YENYEWE NI NINI

Mwenye kituo akiwa na stima zaidi ya haja yake, hawezi kuipeleka sokoni kwa gunia. Waya ni wa kampuni, na mnunuzi mkubwa ni huyo mmoja. Hivyo hufanya mapatano naye: nitakuletea yuniti, utanilipa bei hii, kwa miaka kadha wa kadha. Chini ya mpango wa serikali wa bei zilizopangwa, ulioanza 2008 na kurekebishwa 2010, 2012 na 2021, miaka hiyo ni 20.

Katika marekebisho ya 2012 bei ya stima ya maji iliwekwa hivi: kituo cha nusu megawati, senti 10.5 za dola ya Marekani kwa yuniti moja. Kituo cha megawati 10, senti 8.25. Mdogo alipewa bei ya juu zaidi, kwa sababu gharama ya ukuta, barabara, injinia na wakili haipungui sawasawa na udogo wa kituo.

Sasa, ndugu zangu, angalieni ni nani walioketi mezani. Upande mmoja ameketi mwenye kituo. Upande wa pili ameketi Kenya Power. Ni nani atakayelipa? Kenya Power hukusanya fedha hizo kutoka kwetu kwa njia ya bei ya stima. Mlipaji hakuketi mezani. Wawili wamekubaliana, na wa tatu ndiye atakayetoa mfuko wake kwa miaka 20. Mtoto wake anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa mtu mzima mwenye kazi, naye bado atakuwa akilipa kwa kalamu ile ile.

Mfano mmoja mkubwa twaujua. Mwaka 1955 Uganda ilikubali kuiuzia Kenya megawati 30 kutoka Owen Falls kwa miaka 50. Waya mkubwa kutoka Tororo hadi Nairobi ulianza kazi 1958. Mapatano hayo yaliandikwa wakati wa utawala wa Waingereza. Uganda ikapata uhuru 1962, Kenya 1963, na bado miaka ilikuwa haijafika hata robo. Waliotia sahihi wakazeeka. Karatasi ya namna hii huishi kuliko ofisi iliyoiandika. Kwa sababu hiyo yataka kusomwa na jicho la tatu kabla ya wino kukauka.

3. KIBALI CHA NJIA

Jicho hilo la tatu kwa sheria lipo. Mwaka 1997 iliundwa bodi ya kusimamia stima. Sheria ya 2006 ikaigeuza kuwa tume, na Sheria ya Nishati ya 2019 ikaunda mamlaka ya sasa ijulikanayo kama EPRA. Mojawapo ya kazi zake ni kukagua na kukubali mapatano ya kuuziana stima. Bila kukubaliwa huko, mapatano hayapati nguvu.

Watu wa reli hatuhitaji kuelezwa sana maana ya jambo hilo. Dereva yuko tayari, gadi yuko tayari, injini ina mafuta, abiria wameketi. Dereva na gadi wakikubaliana kuondoka, je, wataondoka? La. Katika njia moja, treni haiingii sehemu ya mbele mpaka aliye na mamlaka ya njia atoe kibali. Si kwamba dereva ni mjinga. Ni kwamba huko mbele yuko treni mwingine ambaye dereva hamwoni, naye ana watu ndani. Mkaguzi wa mapatano ya stima ndiye mtoa kibali cha njia, na watu wasioonekana huko mbele ni sisi tunaonunua tokeni za shilingi mia.

Tena chama chetu chenyewe kinaijua desturi hii. Tukifanya mapatano ya pamoja na mwajiri, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yataka mapatano hayo yapelekwe mahakamani yaandikishwe, ndipo yapate nguvu. Hatujaona kuwa ni matusi kusomewa mapatano yetu na jaji. Basi mwenye kituo cha maji naye asione ni matusi.

4. MKAGUZI AULIZE NINI

Ndugu wengi hufikiri kazi ya mkaguzi ni kuuliza swali moja tu, “Bei ni ngapi?” Bei ni mlango tu. Ndani ya nyumba kuna vyumba vingine, nami nitavitaja kimoja kimoja.

(a) Maji yapo kweli? Mwenye kituo huonyesha vipimo vya mto. Vipimo vya mwaka mmoja wa mvua nyingi havitoshi, maana vyaweza kudanganya. Vyatakiwa vya miaka mingi, pamoja na miaka ya ukame. Kituo kikijengwa kwa hesabu ya mto uliojaa, fedha za mkopo hazitarudi, na baada ya miaka michache mwenye kituo atarudi kuomba bei ipandishwe.

(b) Gharama ya ujenzi ni ya haki? Bei hutokana na gharama. Kama mwenye kituo amejinunulia bomba kutoka kwa kampuni ya ndugu yake kwa bei ya mara mbili, tutalilipia bomba hilo mara mbili kwa miaka 20. Mkaguzi alinganishe na vituo vingine vya ukubwa ule ule.

(c) Fedha za nchi gani? Hapa nawaomba mchukue kalamu. Tuseme kituo ni cha megawati moja. Kikifanya kazi kwa nguvu zote mwaka mzima, saa 8,760, kitatoa yuniti 8,760,000. Lakini mto hupungua, kwa hivyo tuseme kimetoa nusu, yaani yuniti 4,380,000. Bei iwe senti 10 za dola. Malipo ya mwaka ni dola 438,000. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 85, hivyo malipo ni shilingi 37,230,000. Dola ikiwa shilingi 130, malipo ni shilingi 56,940,000. Mapema mwaka 2024 dola ilipita shilingi 160. Kwa kipimo cha 160, malipo ya mwaka yangefika shilingi 70,080,000.

Maji ni yale yale. Turubaini ni ile ile. Mlinzi wa lango hakuongezwa mshahara. Lakini mlipaji ameongeza karibu mara mbili. Najua turubaini na mkopo huenda vimetoka ng'ambo na hulipwa kwa dola. Hiyo ni haki. Lakini saruji, mawe, mishahara na ulinzi hulipwa kwa shilingi. Mkaguzi aulize: sehemu gani ya gharama ni ya dola kweli, na sehemu gani yaweza kuandikwa kwa shilingi? Tena mkopo ukiisha kulipwa, mbona dola iendelee kutawala?

(d) Twalipia yuniti au twalipia kuwapo? Kuna mapatano, hasa ya mitambo mikubwa ya mafuta, ambayo mnunuzi hulipa hata kama mtambo umelala, kwa sababu tu upo tayari. Hayo yana sababu yake, kama vile injini ya akiba inayowekwa kwenye yadi. Lakini injini za akiba zikiwa nyingi kupita haja, shirika hufilisika. Mto mdogo hauwezi kuahidi kuwa tayari Februari saa mbili za usiku, wakati nchi nzima inapowasha taa. Kwa hivyo yafaa ulipwe kwa yuniti zilizofika, na ndivyo bei zile za 2012 zilivyopangwa. Mkaguzi aangalie kifungu kingine kisiingie kwa mlango wa nyuma.

(e) Waya ukikatika ni shauri la nani? Mara nyingi kituo kiko tayari, maji yanapita, lakini waya wa kampuni umeanguka au umezimwa. Yuniti hizo haziwezi kuwekwa akiba. Je, mwenye kituo alipwe? Akilipwa zote, kampuni yetu na sisi twaumia kwa kitu ambacho hatukutumia. Asipolipwa cho chote, mkulima anaadhibiwa kwa kosa la nguzo isiyokuwa yake. Haki ni kuweka kipimo: saa kadha za kuvumiliana kila mwaka, na baada ya hapo aliyezembea abebe. Kipimo hicho kiandikwe wazi, na mita ikaguliwe na pande zote mbili.

(f) Twaihitaji stima hiyo mahali hapo? Taifa lina mpango wa kuongeza stima kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Kituo kisichofaa katika mpango huo hakifai hata kama bei yake ni nzuri. Lakini mkaguzi akumbuke upande wa pili. Katika miaka ya karibuni, kati ya kila yuniti 100 ambazo kampuni imenunua, zaidi ya 20 zimepotea njiani au kuibiwa. Kituo kidogo kilicho karibu na kiwanda na kijiji hupunguza safari ya stima katika waya, na hivyo hupunguza upotevu. Faida hiyo ihesabiwe pia.

(g) Miaka 20 ikiisha? Ukuta wa mawe na mfereji huweza kuishi miaka mingi zaidi. Wanjii ni ya 1952. Baada ya mkopo kulipwa, gharama iliyobaki ni ndogo sana: mlinzi, mafuta ya kulainisha, kuondoa mchanga. Mapatano yaseme tangu leo ya kwamba wakati huo bei itashuka. Sisi tuliolipia ukuta tusilipishwe ukuta mara ya pili.

5. YALIYOTUKIA TANGU 2021

Mwezi wa Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopo la kuchunguza mapatano ya kununua stima, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana John Ngumi. Jopo lilitoa ripoti yake Septemba mwaka ule ule. Lilisema mapatano yaliyokuwa bado hayajakamilika yasiendelee, yaliyokuwapo yazungumzwe upya na wenye mitambo, na yote yafuate mpango wa taifa wa gharama ndogo. Wananchi waliahidiwa punguzo la asilimia 30 kwa sehemu mbili. Januari 2022 ilikuja asilimia 15. Sehemu ya pili haikuja. Aprili 2023 bei mpya zilianza, nazo zilikuwa juu.

Ni somo gani hapo? La kwanza ni kwamba karatasi iliyotiwa sahihi ni ngumu kufungua. Waliokopesha fedha wana wakili, na nchi ikivunja ahadi hulipa fidia. Wakati mzuri wa kukagua ni kabla ya sahihi. La pili, mapatano mapya yaliposimamishwa kwa miaka kadhaa, wakubwa na wadogo walifungiwa mlango mmoja. Kosa la mitambo mikubwa inayolipwa ikiwa imelala lilimwangukia pia mwenye mto mdogo anayelipwa kwa yuniti tu. Ni kama kusimamisha treni zote za njia kwa sababu behewa moja la mizigo lilizidisha uzito.

6. MSIMAMO NINAOUPENDEKEZA KWA TAWI

Ndugu Mwenyekiti, kuna neno moja ambalo najua halitawapendeza wote, lakini sharti nilisema. Wale wanaotaka barua ya kuvunja mapatano yote wafikiri mara mbili. Chama cha wafanyakazi kinaishi kwa mapatano. Siku tutakaposhangilia mapatano ya wakulima yakichanwa kwa kuwa ni ghali, mwajiri atatukumbusha maneno yetu siku ambayo mapatano yetu sisi yatakuwa ghali kwake. Atasema, “Ninyi wenyewe mlisema karatasi ikiuma ichanwe.” Tutamjibu nini?

Na wale wanaosema mkulima asiguswe, nao wafikiri. Mama yako huko Othaya au Imenti naye hununua tokeni. Kiwanda chake kikilipwa zaidi kwa mapatano mabaya, faida itakayomfikia kwa kilo ya majani ni chembe, na gharama itakayomrudia katika bei ya stima, unga na usafiri ni kubwa kuliko chembe hiyo. Mapatano ya haki ndiyo yamfaayo yeye.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne:

Kwanza, barua yetu isiseme “vunja”. Iseme “soma kabla ya kutia sahihi, na utuonyeshe ulivyosoma”. EPRA ikikubali au ikikataa mapatano, itoe sababu zake kwa maandishi, kwa lugha ambayo mtu wa darasa la nane ataielewa, na kwa Kiswahili pia.

Pili, bei, muda, fedha itakayotumika, na malipo ya saa ambazo waya umezimwa visiwe siri. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mtu hawezi kuambiwa alipe kwa miaka 20 halafu aambiwe karatasi ni siri ya wakubwa.

Tatu, kituo kidogo kipewe njia fupi. Mapatano ya kawaida ya vituo visivyozidi megawati 10 yalitengenezwa kwa kusudi hilo. Yasigeuzwe kuwa kitabu cha mawakili. Na kampuni ikinunua, ilipe kwa wakati. Mkulima asiyelipwa kwa miezi hukopa kwa riba, na riba hiyo huingia katika bei ya kituo kitakachofuata.

Nne, tawi lichague watu wawili wa kufuata mambo haya. Mwombaji wa leseni hutakiwa kutangaza ombi lake, na mwananchi ana ruhusa ya kuleta pingamizi. Bei zinapotaka kubadilishwa kuna mikutano ya wananchi. Asiyeridhika na uamuzi wa EPRA aweza kwenda kwa baraza la rufani lililowekwa na sheria ile ile ya 2019. Milango ipo. Lakini katika mikutano ya namna hii viti vya mbele hukaliwa na wenye viwanda na mawakili wao, na viti vya nyuma hubaki wazi. Vile vya nyuma ndivyo vyetu, na si lazima tubaki nyuma.

Ndugu zangu, stima ya mto ni kitu chema. Haina moshi, wala haingoji meli ya mafuta Mombasa. Mimi nataka mito yetu ifanye kazi, na mkulima apate haki yake. Nataka vile vile yule mama anayenunua tokeni ya shilingi hamsini awe na mtu anayemsomea karatasi kabla haijamfunga. Mtu huyo kwa sheria ni EPRA. Kazi yetu ni kuhakikisha ya kwamba anaposoma anajua tunamtazama.



MASWALI YALIYOULIZWA BAADA YA MAZUNGUMZO

Ndugu mmoja wa njia: Vituo hivi ni vidogo sana. Hata vyote vikifungwa bei ya stima haitashuka. Kwa nini tujisumbue?

Jibu: Ni kweli kwamba sehemu yake katika bei ni ndogo. Lakini mapatano makubwa yamejengwa kwa vifungu vile vile: fedha, muda, malipo ya kulala, waya. Anayejifunza kuendesha haanzi na treni ya mizigo ya mabehewa hamsini. Tukiyaelewa haya madogo, siku ya makubwa hatutadanganywa. Tena ni uonevu kumlaumu mdogo kwa bei ambayo hakuileta, na hilo pia lapasa kusemwa.

Ndugu wa karakana: Mvua ikinyesha na mabwawa yakijaa, mbona tokeni hazishuki sana?

Jibu: Malipo ya mafuta katika bili hupungua maji yanapokuwa mengi, kwa kuwa mitambo ya mafuta hupumzishwa. Lakini ndani ya bili kuna mengine: badiliko la dola, kupanda kwa bei za vitu, ushuru wa maji, tozo la EPRA, fungu la kupeleka stima vijijini, na kodi ya asilimia 16. Kila mmoja atunze ujumbe wa tokeni zake kwa miezi mitatu, alinganishe fungu moja moja. Ataona mwenyewe ni lipi lililopanda.

Dada wa ofisi ya tikiti: Umesema mlipaji hakuketi mezani. Je, na watu walio chini ya mto? Maji yakigeuzwa mferejini, wao hunywa nini?

Jibu: Swali hili ni zuri kuliko mengine yote. Kati ya ukuta na mahali maji yanaporudi, mto huweza kukauka kabisa mwenye kituo akiwa mchoyo. Kwa hivyo lazima apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na leseni ya mazingira, na kiasi fulani cha maji kiachwe kipite mtoni siku zote, hata Februari. Kiasi hicho hupunguza stima, kwa hivyo kihesabiwe tangu mwanzo katika bei, ili mwenye kituo asipate kishawishi cha kukiiba usiku. Namshukuru dada kwa kutukumbusha. Tutaliongeza katika barua kuwa jambo la tano.

(Mkutano ulikubali barua iandikwe hivyo. Wanachama wanaotaka kuisoma kabla ya kupelekwa wamwone Katibu wa tawi.)